Jina la Mtoto wa Msengi

Sogezeni mikeka. Anayechambua mchele aendelee kuchambua, mikono haizuii masikio. Hadithi hii imenifikia ikiwa imekatika mkia, na mkia mtautia nyinyi wenyewe.

Huko nyanda kavu za katikati ya nchi palikuwa na mji wa mawe na upepo, mji ambao mtu akikukaribisha maji ya kunywa basi amekukaribisha kweli. Hapo alikaa Zamda, mke wa Msengi mchimba visima, na kila Jumapili ua wa Zamda uligeuka mahakama. Kesi ilikuwa ile ile kila wiki, nayo ni muziki.

Miaka mingi nyuma alikuja mjini fundi mmoja wa ng'ambo na mtambo wa kutoboa miamba. Alitoboa huku, akatoboa kule, maji hakuyapata. Alipoondoka aliacha sanduku la kanda, na vijana wanne waliokuwa wakimbebea mabomba wakalirithi. Kanda zilikuwa na nyimbo za mbali, majina yake magumu kama kokoto. Wakazisikiliza mpaka wakazeeka nazo, na watatu kati yao, kila mmoja akashika upande wake, asiuachie.

Gwau, mpishi wa shule, alishika roki ile wanayoiita ya progresivu. Ni nyimbo ndefu zenye milango mingi: unakaribishwa sebuleni, unapitishwa ukumbini, unajikuta jikoni, mara dari linafunguka. Na mwendo wake si wa miguu miwili kama ngoma zetu. Unatembea saba, unaruka tano, unarudi saba. Kipaji cha Gwau kilikuwa hesabu. Mvua ikipiga bati, yeye ameshaipanga. "Muziki usiohesabika ni kelele za masufuria," alikuwa akisema, "na masufuria nayajua mimi."

Hango, fundi baiskeli, alishika jazi ya fyusheni, ile iliyooana na gitaa la umeme ikazaa watoto wasiofanana. Humo kila chombo kinasema lake kwa wakati mmoja, kama wanawake kwenye foleni ya maji, na asiyezoea husikia fujo tupu. Hango aliwasikia wote, mmoja mmoja. Hicho ndicho kipaji chake. Ungempeleka gulioni penye mbuzi, wapiga debe na mashine ya kusaga, akakuambia, "Kuna tairi linavuja nyuma ya yule muuza dagaa." Ukienda, linavuja.

Mwajabu, fundi cherehani, alishika bendi za jemu, zile zinazoanza wimbo zisijue utaishia wapi. Unabandika maharage, yanaiva, mnakula, mnaosha vyombo, na wimbo ni ule ule, umegeuka kidogo tu kama mtu anayejipindua usingizini. Kipaji cha Mwajabu kilikuwa kutochoka. Wenzake wakisinzia, yeye bado yumo, mguu wake ukikanyaga chini kama uko kwenye cherehani.

"Wimbo wako, Mwajabu, umepotea njia ya nyumbani," Gwau alimchokoza.

"Haujapotea, unatembea. Wako wewe, bila ramani mtu hafiki kwake."

"Na wa Hango ni ugomvi wa wake wenza."

"Lakini kila mke anasikilizwa," Hango alijibu. "Kwako wewe, mpishi, wanasimamishwa mstari kama wanafunzi wanaongoja uji."

Msengi mwenyewe, yule wa nne, mwenye redio kaseti na mwenye ua, hakuwa na upande. Kila mmoja alimwambia kwa faragha, "Moyoni wewe uko upande wangu," naye aliwakubalia wote. "Toa hukumu!" walimpigia kelele. "Upi bora?"

Msengi alicheka, meno yote nje. "Hukumu nitaitoa siku nikiwa chini ya ardhi."

Zamda kila akilisikia neno hilo aliacha alichokishika. "Baba, mdomo huponza kichwa. Kazi yako ni mashimo, acha mzaha huo."

"Mke wangu," Msengi alimjibu, "ardhi haina masikio."

Basi mwaka mmoja mvua ikakataa. Zamda alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza tangu aolewe, iliyokuja baada ya watu kuchoka kuuliza. Msengi na wenzake walikuwa wakichimba kisima cha mtaa, karibu na kisima kikongwe kilichokauka zamani na kuachwa na mawe yake. Wachimbaji wa kule, wakifika chini sana, hukata upenyo mdogo ubavuni mwa shimo. Ndoo inapopandishwa, aliye chini hujibanza humo ili jiwe likidondoka lisimkute.

Asubuhi moja, ndoo ikiwa njiani kupanda na Msengi amejibanza upenyoni, kuta za kisima zikaporomoka.

Zamda alifika akiwa na unga mikononi. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na sahani ya udongo mwekundu, na vumbi bado likipanda taratibu kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuchimba kwa vidole. Wanawake wakamshika mabega. "Mtoto, Zamda! Mfikirie mtoto!" Naye akawauliza, kwa sauti ndogo kama anauliza bei ya chumvi, "Mtoto nimwambie nini?"

Mzee Nkuwi, mkuu wa wachimbaji, alivua kofia. Kuchimba kutoka juu, alisema, ni kumtwanga kwa udongo uleule unaomfunika. Alikuwa ameacha pampu ikinguruma kwenye shimo la pembeni walilolichimba kukinga maji yanayochuruzika. "Pampu isizimwe," alisema. "Kama yuko hai, maji yatamfikia kabla yetu." Lakini jinsi alivyoisema ile *kama*, wazee wakaanza kunong'ona habari ya sanda. Sanda ya mtu asiye na mwili.

Ndipo walipofika wale watatu.

Hango alilala kifudifudi, shavu mchangani. Juu yake pampu inanguruma, wanawake wanalia, mbwa wanabweka, kuna anayesoma dua na kuna anayemfokea anayesoma dua. Watu wakamwona kama mtu anayemwaga uchungu wake chini, wakamwacha. Kumbe alikuwa anamenya. Alitoa kilio akakiweka kando, akatoa pampu, akatoa mbwa, akatoa dua, kama mtu anayemenya kitunguu mpaka katikati. Kisha akainua mkono.

"Kuna chuma. Kinagonga jiwe. Hakitoki chini yetu. Kinatokea upande ule, wa kisima kikongwe."

"Shemeji, una hakika?" Zamda alimshika kanzu.

"Huyu husikia saksafoni hata kwenye bawaba," Gwau alisema.

"Na wewe husikii hata ugali wako ukiungua!"

"Nyamazeni!" Sasa Zamda alipiga kelele, na hata mbwa wakatulia. "Mume wangu yuko chini ya miguu yenu nanyi mnaniletea Jumapili!"

Mzee Nkuwi akaleta bomba la chuma, wakalipigilia ardhini pale Hango alipoonyesha, naye akaweka sikio. Akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Nasikia, ni kweli. Lakini mtu anayeomba msaada hugonga sawasawa. Hivi tulifundishwa na waliotutangulia: tatu, kimya, tatu, kimya. Hiki kinagonga hovyo. Ni mawe yanakaa mahali pake." Akamtazama Zamda, akayaondoa macho. "Mwanangu, ili kupita kisima kikongwe lazima nishushe vijana ndani ya kuta zilizooza. Nao wana mama zao. Siwezi kuwashusha kwa ajili ya mawe."

Zamda alihisi mtoto akigeuka tumboni, mara moja, kama samaki ndani ya ndoo. Hapo ndipo tumaini lilipomtoka. Mkisikia watu wanasema moyo umevunjika, hauvunjiki, unamwagika tu.

Gwau akachutama, akaweka sikio kwenye bomba. Midomo yake ikaanza kwenda. Saba. Kisha tano. Kisha saba tena, na pigo la mwisho limechelewa kidogo, kama mguu unaotafuta ngazi gizani. Akafumba macho. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Si hovyo hii. Huu ni mlango wa kwanza wa ule wimbo wangu mrefu. Ule Msengi anaoutania kila Jumapili, anasema ni wimbo wa kondoo mwenye miguu saba. Sikiliza, Mzee wangu: nitakuambia pigo kabla halijaja." Akaanza kuhesabu kwa sauti, na Mzee Nkuwi, sikio kwenye bomba, alilikuta kila pigo limekaa pale Gwau alipoliweka. "Sasa atanyamaza," Gwau alisema, "halafu ataanza tano." Ikawa kimya. Ikaja tano.

Mzee Nkuwi akasimama. "Mawe hayajui wimbo," alisema. "Leteni kamba."

Wakashuka kisima kikongwe, wakaanza kutoboa ubavu wake kuelekea sauti ile ya kugonga. Vijana walipokezana, kila anayepanda macho mekundu na mdomo umejaa udongo. Jua likapanda, likakaa, likaanza kuinama. Zamda hakuondoka ukingoni. Walimletea uji, ukapoa mkononi. Walimwambia alale, akawatazama kama wamezungumza lugha ya ndege.

Halafu kugonga kukafifia. Saba ikawa nne. Tano ikawa moja. Kisha ikawa hakuna.

Na mabaya hutembea mawili mawili: wale vijana walikutana na mwamba. Iliwabidi waukwepe, lakini kwa kulia au kwa kushoto? Wakikosea, watampita pembeni, au wataangusha dari. Hango alilala tena chini, akamenya sauti zote mpaka akabaki na kimya, na kimya hakina tabaka. Gwau akashika bomba, midomo yake imefungwa, maana hapakuwa na cha kuhesabu. Mzee Nkuwi akawaita vijana wapande. Wa mwisho kupanda alipita mbele ya Zamda akiwa ameinamisha kichwa, naye Zamda akamshika mguu, hakuuachia, mpaka wakaja kumfungua vidole kimoja kimoja.

Mwajabu alisogea ukingoni. Alijifunga khanga kiunoni. "Nishusheni mimi."

"Wewe mwanamke, chini kule—" Mzee Nkuwi alianza.

"Nishusheni. Wifi yangu hapa bado hajawa mjane, na nyinyi mnakunja kamba."

Wakamshusha. Akachukua nyundo, akafika kwenye mwamba, akaanza kupiga. Hakupiga saba wala tatu. Alipiga kama zile bendi zake, bila mwanzo na bila kuangalia mwisho. Mdundo mmoja unaokwenda, unageuka kidogo, unarudi, unaongezwa kitu, unapunguziwa. Wa juu waliusikia ukipanda kwenye shimo kama mapigo ya kitu kikubwa kilicholala. Walidhani atachoka. Ukuta ulimwaga mchanga mgongoni mwake, hakuacha. Ngozi ya viganja ikamtoka, akavifunga kwa khanga, hakuacha. Wakamwita, "Mwajabu, inatosha, dada, amekwenda!" Jibu lake likawa mdundo.

Jua lilikuwa linagusa mawe ya magharibi aliposikia jibu. Pigo moja, hafifu, upande wa kushoto. Halafu jingine.

"Kushoto!" alipiga kelele. "Teremkeni! Kushoto! Mimi siachi, nyinyi chimbeni!"

Wakateremka. Naye hakuacha kupiga, na kila alipopiga alijibiwa, na walipofuata jibu walifika kwenye mkono. Mkono ulikuwa wa baridi, umeshika tindo la kuchongea mawe, na ulipoguswa ukafumbata.

Msengi alipopandishwa alikuwa mwekundu kwa vumbi kama mtu wa udongo. Zamda alimfuta uso kwa ulimi na machozi, maana hakungoja maji. Neno la kwanza alilotoa, sauti imekwaruza, lilikuwa, "Yuko wapi Mwajabu? Mwambieni anyamaze. Nilikuwa nimeshalala vizuri."

Watu walicheka huku wanalia. Ni kicheko kibaya hicho, kinauma mbavu.

Haya, mngetaka hadithi iishe hapo. Hata Zamda alitaka.

Lakini kuna desturi ya wachimbaji wa kule. Mtu akifukiwa na akatoka hai, ardhi huwa imemwandika kuwa ni wake. Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nyumba yake lazima apewe jina la yule aliyemtoa, na huyo anakuwa mzazi wa pili wa mtoto, ili ardhi ikija kuuliza, "Nani alininyang'anya?" ipate jibu. Jina liwe moja. Na liwe la kweli. Wachimbaji wenyewe hawahesabiwi, maana wamekula kiapo cha kutoana, na fundi hamshukuru fundi. Mzee Nkuwi alimkumbuka mwenzake wa ujanani aliyetaja jina la tajiri mmoja aliyesimama tu ukingoni, kwa kujipendekeza. Aliporudi kisimani, ardhi ilimchukua na haikumrudisha hata kiatu.

Na Msengi lazima arudi kisimani. Ndiyo kazi anayoijua, na mtaa mzima umeketi na ndoo tupu.

Mtoto akazaliwa, msichana, mapafu yake makubwa. Zamda akamwendea mumewe. "Baba, sema. Nani alikutoa?"

Msengi aliangalia viganja vyake. "Mimi nilikuwa gizani. Nilipiga ule wimbo wa Gwau kwa sababu ni mgumu. Nilijua nikikosea hesabu nimeanza kufa. Sikujua kama kuna anayesikia. Halafu ukaja ule mdundo wa Mwajabu, sikujua ni ndoto au ni moyo wangu. Wewe ulikuwa juu, Zamda. Wewe ndiye uliyeona. Taja wewe."

"Miaka yote umekataa kuchagua," Zamda alisema, "leo unanipa mimi!"

Siku ya kumtoa mtoto nje ikafika. Wale watatu walikuja mapema, wakaketi uani, kila mmoja na mkeka wake, mbalimbali. Redio kaseti ilikuwa dirishani, haijawashwa.

Hango alisema, "Shemeji, mimi nina watoto, lakini majina yote yalikwenda kwa mababu, mwenye jina langu sina. Na kumbuka tu hili: walikuwa wameshaanza kuzungumza sanda. Nisingesikia mimi, huyu angehesabu nini na huyu angemgongea nani?"

Gwau alisema, "Kusikia, hata Mzee Nkuwi alisikia. Akasema ni mawe. Sauti bila maana ni mawe, shemeji. Mimi ndiye niliyeyageuza mawe yakawa Msengi."

Mwajabu alikuwa na viganja vilivyofungwa vitambaa. Cherehani alikuwa hajaikaribia tangu siku ile. Yeye mwenyewe mtoto hakuwahi kumpata. Alisema, "Wifi, hawa walimpata akiwa hai. Ni kweli, sibishi. Lakini jua lilipoinama alikuwa amekwisha kukubali kufa, na wao walikuwa wamekwisha kukubali afe. Mimi sikukubali. Sina zaidi."

"Lakini ulijua pa kupiga kwa sababu yangu!" Hango alisema.

"Na kamba ilishuka kwa sababu yangu!" Gwau alisema.

"Na mlikunja kamba hiyo hiyo," Mwajabu alijibu, taratibu.

Majirani nao wakagawanyika. Mmoja akasema aliyefungua mlango ndiye mwenye nyumba. Mwingine akasema mlango bila ufunguo ni ukuta. Bibi mmoja mwenye jino moja akasema wote wanasahau, mwenye kugonga tindo alikuwa Msengi mwenyewe, basi mtoto aitwe jina la baba yake. Wakamwambia, bibi, mtu hawezi kujinyang'anya mwenyewe, ardhi itacheka.

Zamda alikuwa kizingitini, mtoto kifuani. Kule mbele aliiona kamba mpya imeshafungwa kwenye gogo la kisima kinachochimbwa upya, inachezacheza na upepo, na chini yake ndoo za majirani zimepangwa, midomo wazi. Msengi alikuwa amevaa nguo za kazi. Anangoja jina, ashuke. Zamda akitaja la kweli, Msengi atapanda na maji. Akitaja lisilo la kweli, huyu mtoto atalelewa na kamba hiyo.

Akawatazama watatu. Akakumbuka shavu la Hango mchangani, akakumbuka midomo ya Gwau ikienda, akakumbuka khanga ya Mwajabu ilivyopanda kutoka shimoni ikiwa imelowa damu. Mtoto akalia. Zamda akafungua kinywa.

Nami niliyepewa hadithi hii sikupewa alichosema. Basi wewe uliyeacha mchele, na wewe uliyejifanya umesinzia hapo pembeni: kamba inangoja, na mtu anataka kushuka. Aliyesikia, aliyeelewa, au asiyekubali kuacha? Mtoto huyu ungemwitaje?